Mwenyeji wa Majivu Yangu

Niliporudi nyumbani Awendo nikiwa na shahada ya uzamifu ya uhandisi wa vifaa vya ujenzi, jirani yetu aliniletea mjukuu wake mwenye homa. Nilimweleza kwamba udaktari wangu si wa homa. Akaniangalia, akamwangalia mama, kisha akauliza ni wa nini basi. Nikasema ni wa majivu. Yule jirani alikuwa na adabu, hakucheka mpaka alipofika kwake.

Nilikuwa nimesema kweli. Kiwanda cha sukari kikishakamua miwa hubaki makapi, na makapi hayo huchomwa ili kuchemsha maji ya mitambo. Majivu yake hutupwa nyuma ya kiwanda, na mengine hupeperuka na kutua kwenye nguo zilizoanikwa. Mtoto yeyote wa Awendo amewahi kurudia kufua sare za shule kwa sababu hiyo. Mimi nilitumia miaka yangu ya chuo kuonyesha kwamba majivu hayo, yakichomwa tena kwa joto linalofaa na kuchanganywa na chokaa, yanaweza kushika nafasi ya sehemu ya saruji. Ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu watu nitakaowaeleza hawajawahi kuona haya kuhusu kazi ambazo hawakuzifanya.

Lililobaki lilikuwa kujua kama tofali za majivu zingestahimili mvua za miaka. Kazi kama hiyo hufanywa na mtu aliyepata kile tunachokiita postdok. Umemaliza shahada, hujaajiriwa kuwa mhadhiri, basi chuo fulani kinakulipa kwa muda ufanye utafiti, na mwisho wake unaitwa mtafiti kamili. Nilidhani kuipata kungekuwa suala la kuwa na swali zuri. Nilikuwa na swali zuri kuliko wengi.

Nikaanza kusoma matangazo. Niliyasoma mpaka nikayajua kama mtu anavyojua sauti za majirani. Yote yaliandikwa kwa tabasamu. Tunakaribisha waombaji kutoka kila pembe ya dunia, yalisema, hasa wanawake, hasa Waafrika, hasa wenye shauku. Ukishuka chini kidogo tabasamu linaisha. Moja lilitaka mwombaji awe anaishi nje ya nchi yake ndipo apewe pesa za kuchunguza matatizo ya nchi yake. Lingine lilinitaka nilete cheti cha kuthibitisha kwamba najua Kiingereza, mimi niliyeandika tasnifu nzima kwa Kiingereza na kuitetea kwa Kiingereza mbele ya watu waliokosea Kiingereza. Mengi yaliniomba nieleze, kwa aya moja, nitakavyoibadilisha jamii yangu. Sikuona hata moja lililouliza majivu yanachomwa kwa joto gani.

Mjini Migori kulikuwa pia na kijana wa tai aliyekodi ukumbi ili atufundishe namna ya kupata ufadhili wa namna hiyo. Alituonyesha picha za theluji. Nilinyoosha mkono nikamuuliza yeye mwenyewe alipata upi. Akasema alisikia wito wa kuwasaidia wengine kwanza. Watu wakapiga makofi, nami nikachukua mkoba wangu nikaondoka.

Shida kubwa ilikuwa mwenyeji. Karibu kila tangazo lilidai barua kutoka kwa profesa wa chuo fulani aseme kwamba atakupokea na kukusimamia. Bila mwenyeji, hata ukigundua namna ya kujenga daraja kwa mvuke, hakuna atakayekusoma.

Mama ndiye aliyenipatia mwenyeji. Yeye huuza samaki wakavu sokoni Migori siku zote isipokuwa Jumamosi, kwa kuwa ni Msabato, na kanisani kwao alikuwepo mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa profesa katika chuo kimoja Homa Bay. Baada ya ibada alinisogeza mbele yake kama mtu anayepeleka sadaka. Profesa alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo, na akasema majivu ni eneo lililo karibu sana na moyo wake.

Nilikwenda ofisini kwake wiki iliyofuata. Kulikuwa na kabati la kioo lililojaa ngao za mikutano, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Katika maabara ya idara nilikuta tanuri jipya la umeme likiwa bado ndani ya plastiki yake. Nilipouliza, mhudumu alisema lililetwa na wageni wafadhili, na halijawashwa kwa sababu hakuna aliyeomba kuliwasha. Niliomba mimi. Profesa alikubali kwa ukarimu mkubwa, akaniambia pia kwamba ataandika ile barua, ila kwanza nizoee mazingira. Kuzoea mazingira maana yake ilikuwa nimfundishie madarasa yake bila malipo na kusahihisha mitihani yake.

Nilifundisha. Asubuhi nilisimama mbele ya wanafunzi wake, na alasiri nilichoma majivu niliyoyaleta kwa magunia kutoka nyumbani, nikafyatua tofali na kuzipanga ukutani, kila moja na alama yake. Katika muhula wote ule Profesa aliingia maabara mara moja tu, akiwa na mpiga picha. Alichukua tofali yangu moja, akainyanyua kama mtu anayebatiza mtoto, wakapiga picha, akairudisha mahali pasipo pake.

Ombi langu la ufadhili nililiandika mwenyewe, tangu neno la kwanza hadi mchoro wa mwisho. Profesa alilisoma mbele yangu kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Akasema ni zuri ila halina maono. Akaniagiza niongeze aya kuhusu maono, kisha nimtumie nakala anayoweza kuihariri, ili aweke nembo ya chuo. Niliongeza maono nikamtumia. Barua ya mwenyeji ilitoka siku hiyohiyo, fupi, ikiwa imekosea jina la shahada yangu.

Usaili ulipangwa Jumamosi. Niliomba siku nyingine, wakajibu kwa heshima kwamba wanathamini tamaduni zote lakini nafasi ni hiyo. Mama alivaa nguo zake za kanisani akatoka, nami nikaketi sebuleni mbele ya kompyuta huku trekta za miwa zikipita barabarani na kutikisa vikombe kabatini.

Walikuwa watatu kwenye kioo. Mmoja alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, wa pili mwanamke kijana aliyetabasamu wakati wote, na wa tatu alikuwa amezima kamera yake tangu mwanzo mpaka mwisho. Yule mwanamke aliniuliza ni nini kilichonisukuma nikapenda sayansi. Nikasema ni kurudia kufua. Alidhani sijasikia swali, akalirudia polepole. Kisha akauliza wanawake wa kijijini kwetu watajisikiaje nikipata nafasi hii. Nilijibu kwamba sijawauliza.

Ndipo mzee mwenye ndevu alipoingilia. Alisema wana jambo linalowatatiza. Kutoka chuo hichohicho cha Homa Bay wamepokea ombi jingine, katika kundi la ruzuku za maprofesa, lenye michoro ileile na maneno mengi yaleyale. Aliuliza kama nalifahamu. Nilisubiri trekta ipite. Nikamuuliza kama ombi hilo lina aya kuhusu maono. Akatazama karatasi zake, akasema lina kurasa mbili za maono.

"Hizo ni zake," nikasema. "Zilizobaki ni zangu."

Hawakuandika nilichosema. Mwanamke alinishukuru kwa kuwa muwazi, na usaili ukaisha.

Jumatatu nilikwenda Homa Bay nikamkuta Profesa akijimiminia chai kutoka kwenye chupa. Nilimweleza nilichoambiwa. Nilitarajia akatae, na nilikuwa nimeshajiandaa kwa kukataa kwake. Hakukataa. Aliniketisha, akanimiminia nami kikombe, akanieleza kwa upole kwamba vijana hatuelewi namna vyuo vinavyokwenda. Ruzuku ya profesa ni kubwa kuliko ufadhili wa postdok. Angeipata yeye, kisha mimi ningekula humo ndani.

"Nyara," akasema, "wazo ni la Mungu. Sisi tunalipitisha tu."

Nilimuuliza kwa nini basi Mungu hakutajwa kwenye jalada. Hilo lilimuudhi kuliko lile la kuiba. Aliniambia nina kiburi cha watu waliosoma kabla ya kukua, na kwamba angeniombea. Chai yake sikuinywa. Lakini tofali zangu zilikuwa bado ukutani mwa maabara yake, na sikuwa na mahali pengine pa kuzipeleka, na yeye alilijua hilo vizuri.

Wafadhili, badala ya kuamua, wakasema watatuma wageni waje kujionea. Nilipigiwa simu na karani wa idara akiniarifu kwamba Profesa anaomba nije nisaidie kuwapokea. Alimaanisha chai na viti. Nilikwenda. Sikukwenda kwa ajili ya chai.

Mkutano ulifanyika katika hoteli moja iliyo ukingoni mwa ziwa, magugu-maji yakiwa yamejaza ufuo mpaka ungedhani unaweza kutembea juu yake. Kwenye meza ya mbele zilipangwa tofali zangu juu ya kitambaa cheupe, alama zangu zikiwa zimegeuziwa chini. Wageni walikuwa wawili, yule mzee mwenye ndevu na mhandisi mmoja wa makamo, mwanamke mkavu aliyeonekana kusumbuliwa na joto. Profesa alivaa suti. Alizungumza kuhusu Afrika kwa muda mrefu, kisha kuhusu Kenya, na alipofika Awendo muda ulikuwa umekwisha.

Yule mhandisi ndiye aliyeuliza swali la kwanza la maana nililolisikia tangu nianze kutafuta ufadhili. Aliuliza kwa nini majivu yachomwe upya, kwa nini yasichukuliwe kiwandani kama yalivyo.

Profesa alijibu kwamba ni kwa sababu ya ubora.

"Ubora wa nini?" mhandisi akauliza.

"Wa kimataifa," Profesa akasema.

Kisha, kwa uso wa mtu anayemkaribisha mtoto mezani, akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama karibu na birika, akasema mwanafunzi wake ataeleza upande wa kiufundi.

Nilikwenda mbele. Nilianza kwa kusema kwamba mimi si mwanafunzi wake na sijawahi kuwa. Halafu nikageuza tofali moja baada ya nyingine mpaka alama zikatazama juu, nikaeleza. Moto wa kiwandani hauna mpangilio. Ukiwa mdogo, majivu hubaki na kaboni na tofali huwa laini. Ukizidi, ule mchanga mwembamba ulio ndani ya majivu hugeuka fuwele ngumu, na fuwele hazishikani na chokaa. Kuna joto la katikati ambapo mambo hukubali, na nilionyesha tofali za kila upande wa joto hilo. Mhandisi akatoka kwenye kiti chake, akajaribu kukwaruza moja kwa ufunguo, akajaribu nyingine. Aliniuliza maswali mengi na nikayajibu, na kwa muda huo mfupi nilisahau kabisa nilikuwa na nani chumbani.

Mwishowe mzee mwenye ndevu akauliza kazi hii ilifanywa na nani. Nikasema, "Mimi."

"Chini ya usimamizi wangu," Profesa akasema kwa sauti tulivu.

Nilimwona yule mzee akishusha pumzi. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile kwa kupewa uongo. Uso wake ulilegea, akatabasamu, akaandika, na kila mmoja akaalikwa kwenda kula samaki. Mhandisi peke yake hakuandika. Alinipita, akaweka tofali mahali pake, juu ya kitambaa.

Baada ya majuma kadhaa ikaja barua pepe ya pongezi. Nilikuwa nimepata. Ufadhili kamili wa postdok, katika chuo cha Homa Bay, chini ya usimamizi wa Profesa, ambaye naye alipewa ruzuku yake ili, kwa maneno yao, miradi miwili inayofanana iimarishane. Niliisoma mara mbili nikitafuta aibu ndani yake, sikuiona. Walijua. Waliangalia wizi, wakaangalia aliyeibiwa, wakaamua waliokosana waishi nyumba moja na waipe nyumba hiyo jina la ushirikiano.

Niliandika kukataa. Mistari miwili.

Mama aliudhika nami kuliko nilivyowahi kumwona. Hakuwa na lolote la kumtetea Profesa; tangu siku nilipomweleza alikuwa amehamia benchi jingine kanisani. Alichosema ni kwamba ulimwenguni hakuna mkubwa wa kazi aliye mwema, kwamba yeye mwenyewe miaka yote amenunua samaki kwa watu asiowaheshimu, na samaki wameliwa na sisi tumesoma. Aliniuliza ninadhani mimi ni nani. Nilimwambia tu kwamba siwezi kumsikia yule mtu akisema "sisi". Alichukua kisu akaendelea kusafisha samaki, na kwa siku kadhaa tukasemeshana mambo ya lazima tu.

Nilipata kibarua cha kufundisha kemia katika shule moja ya wasichana huko Ndhiwa. Walimu wenzangu walijua kisa changu nusunusu, na ile nusu waliyoijua ilitosha kunifanya kichekesho cha chumba cha walimu: daktari aliyekataa dola. Mwalimu mkuu aliniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba kisomo kingi huwapa wanawake hasira. Wasichana walikuwa werevu, na hilo lilinisaidia.

Masomo yakiisha nilibaki darasani nikisoma makala za watafiti wengine. Niliacha matangazo. Nilianza kuwaandikia watu ambao kazi zao nilizisoma, moja kwa moja, bila shauku na bila jamii yangu. Wengi hawakujibu. Wengine walinijibu kwa kunitumia viungo vya matangazo.

Kulikuwa na mtafiti mmoja mwanamke wa chuo kimoja Tanzania aliyechunguza majivu ya maganda ya mpunga. Katika makala yake alidai kwamba tofali zake zilidhoofika kwa sababu ya moto. Mimi niliona kwamba zilidhoofika kwa sababu majivu hayakusagwa vya kutosha, nikamwandikia hivyo, nikimwonyesha jedwali lake mwenyewe. Alinijibu kesho yake, kwa Kiswahili kilichonyooka kama rula.

"Umekosea," aliandika, "lakini umekosea vizuri. Nieleze ulisaga vipi."

Tuliandikiana muda mrefu, na nusu ya barua zetu zilikuwa ubishi. Hakuwahi kuniuliza nilisukumwa na nini. Siku moja alitaja, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba ana nafasi ya postdok katika mradi wake, na kwamba mwenyeji atakuwa yeye mwenyewe, na kwamba nisipopenda kubishana nisije. Nilijaza nilichotakiwa kujaza. Usaili ulifanywa siku ya kazi, na swali la kwanza lilikuwa kuhusu joto.

Nilipomwambia mama, aliuliza kama huyo mwanamke ni mtu mzuri. Nikasema sijui, ila anajua majivu. Alifikiri kidogo, kisha akanifungia samaki wa kumpelekea.

Nilivuka mpaka wa Isebania nikiwa na samaki wa mama na gunia la majivu ya Awendo. Afisa aliyekagua mizigo alilifungua gunia, akachungulia, akanitazama kwa uso uliobadilika.

"Ni ya nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia ni ya miwa. Aliyapitisha kwa masikitiko kidogo, kwa kuwa alikuwa ameshajiandaa kutoa pole ya msiba.

Mwenyeji wangu ni mtu mgumu. Anakula haraka, hasifu, na hunisahihisha mbele ya wanafunzi. Kuhusu kusaga, tulijaribu pamoja, tukakuta kila mmoja wetu alikuwa na sehemu ya ukweli, jambo lililotukera sote wawili. Makala iliyotokana na hayo imechapishwa, jina langu likiwa la kwanza, na ni yeye aliyeliweka pale bila kuombwa na bila kulitaja.

Homa Bay nako mambo yaliendelea. Kwa ruzuku yake Profesa alinunua mashine ya kufyatulia tofali, ikazinduliwa na mwanasiasa aliyekata utepe, na nasikia sasa imefunikwa turubai. Wageni hawajarudi kuangalia. Walipata picha zao.

Mwezi uliopita Profesa alinipigia simu. Aliniita nyara, akaniulizia afya, akasema kanisa linanikumbuka. Kisha akafika alipokuwa akienda. Wafadhili wanadai ripoti, na kuna sehemu ya kueleza ule uchomaji. Kama ningeweza kumwandikia kurasa chache tu.

Nilimwambia yote yameelezwa katika makala, na kwamba makala inasomwa bure na yeyote.

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe upande wake. Halafu akauliza kama ningeweza kumfupishia.

Nilimwambia nina tanuri la kufungua, nikakata simu.